Kumi na Mbili, Kama Kawaida

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na imeanza kwa ugomvi. Paa la banda la nguruwe limevuja palepale lilipovuja mwaka jana. Bwana wa matengenezo kaja, kaangalia juu, kakuna kichwa, kaenda zake. Nimemwambia nguruwe wakipata kichomi nitawahamishia ofisini kwake. Akacheka. Hajanijua.

Nimeanza shajara hii kwa sababu mradi wa Pacha umeanza rasmi. Amepewa msimu huu wa mvua aonyeshe kwamba anaweza kukata kipande cha ini bila kupasua tumbo. Matundu manne madogo tu: kamera inapita kwenye moja, vyuma vyembamba kwenye mengine, na tumbo linajazwa gesi lipande juu kama hema ili apate nafasi ya kufanyia kazi. Anaanza na nguruwe. Wakipona, kamati ya hospitali itamruhusu afanye kwa watu. Mimi ni daktari wa mifugo. Kazi yangu ni kuwalaza nguruwe usingizi, kuwalinda wakiwa wamelala, na kuwaamsha. Hiyo ya kuwaamsha ndiyo naipenda.

Pacha hatujazaliwa tumbo moja. Walimu wa bweni ndio walituita hivyo, maana ukimwona mmoja mwingine hayuko mbali. Yeye akaenda kwa watu, mimi nikaenda kwa wanyama. Alipopata mradi huu mtu wa kwanza kumpigia simu nilikuwa mimi. "Pacha, sitaki mtu mwingine kichwani mwa meza." Nikaacha kazi nzuri ya ng'ombe wa maziwa nikaja.

Jumatano, 5 Machi

Nguruwe wa kwanza. Fundi wa mashine, ambaye hawezi kukaa dakika tano bila utani, anawapa wote majina ya vyeo. Huyu alikuwa Mheshimiwa. Kweli alikuwa na kitambi.

Fundi ndiye anayeshika mashine ya gesi. Imewekwa nyuma ya Pacha, skrini yake inamtazama Fundi peke yake; wanasema upande wangu nyaya zingewakwaza watu. Kwa hiyo kila baada ya muda nauliza: "Gesi ngapi?" Naye anajibu: "Kumi na mbili, kama kawaida." Kumi na mbili ndiyo presha ya gesi tuliyokubaliana. Ikipanda sana, gesi inaweza kujisukuma ndani ya mshipa uliokatwa, iende moyoni, na hapo ndipo kwisha habari.

Ini lilivuja damu mpaka kamera ikawa haioni. Pacha alifuta, akashona, akafuta tena, jasho linamtiririka. Ilichukua asubuhi nzima na sehemu ya mchana. Lakini Mheshimiwa kaamka! Jioni kanisukuma na pua akitaka chakula.

Mkuu wa maabara ameangalia picha za video, hakufurahi. "Hii ni bucha," alisema. "Kamati wataona nini hapa zaidi ya damu?" Pacha aliirudisha video mwanzo akaitazama tena. Namjua, huyo akifanya hivyo anapika jambo.

Ijumaa, 7 Machi

Mjomba ana uvimbe kwenye ini.

Nimeandika sentensi hiyo nikakaa. Mjomba ndiye aliyenilea, yeye na Mama, baba alipofariki. Amekuwa refa maisha yake yote, mpaka leo akiongea na wewe anainua mkono kama anatoa kadi. Daktari bingwa wa hospitali amemwambia uvimbe uko upande wa kulia, nyuma, haujasambaa, unatoka kwa upasuaji. Kufungua tumbo lote, kutoka ubavu huu mpaka huu. Mjomba amekataa katakata. Rafiki yake alifunguliwa hivyo na hakurudi nyumbani.

"Mimi sifunguliwi kama begi," kasema. "Nitamsubiri mwanangu."

Mwanangu, ndiye Pacha. Likizo zote za shule alikuwa anakuja kwetu, na Mjomba hakuwahi kutofautisha sahani yangu na yake.

Nilimwambia Pacha kwenye korido. Alinikumbatia, akalia kuliko mimi. "Nitamfanyia mwenyewe. Wewe nisaidie tu tuwapitishe hawa nguruwe."

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Paa bado.

Jumatano, 12 Machi

Leo nguruwe aliitwa Shangazi. Mambo yalikwenda kwa mteremko mpaka nikashangaa: ini safi, damu kidogo sana, Pacha anakata kama anakata karatasi. Kila damu ilipoanza kuchungulia aligonga kiatu sakafuni, ta-ta. Alikuwa na tabia ya kutikisa mguu tangu vyumba vya mtihani, nikajichekea ndani ya barakoa.

"Gesi ngapi?"

"Kumi na mbili, kama kawaida."

Ghafla namba ya pumzi, ile inayopima hewa anayoitoa, ikaporomoka kwenye skrini yangu. Nikasikiliza moyo: ulikuwa unasukasuka kama maji kwenye chupa. Nikapiga kelele, "Simama! Toa gesi!" Sheria ya chumba chetu ni kwamba mtu wa usingizi akisema simama, kila mkono unainuka. Mikono ikainuka, gesi ikatolewa. Nilimgeuza Shangazi ubavu, nikamminya kifua, nikampa kila dawa niliyokuwa nayo. Hakurudi.

Nikauliza tena, "Fundi, gesi ilikuwa ngapi?" Hakunitazama. "Kumi na mbili."

Alhamisi, 13 Machi

Nimeufungua moyo wa Shangazi ndani ya beseni la maji. Povu likatoka. Gesi iliingia, hilo halina ubishi. Sasa kwa kumi na mbili iliingiaje?

Ijumaa, 14 Machi

Pacha ana jibu. Kanikalisha kwenye benchi la kubadilishia nguo, kanishika magoti.

"Usinielewe vibaya. Unawapa dripu kidogo mno. Mshipa ukiwa hauna maji ya kutosha unanyonya gesi yenyewe, hata ikiwa ndogo."

"Si wewe uliyetaka niwape kidogo ili damu isije?"

"Nilisema kidogo. Sikusema uwakaushe."

Ni kweli jambo hilo linatokea, liko kwenye vitabu. Nimekwenda kuangalia kipimo changu. Naona kilikuwa sawa. Lakini mtu anapokufa mikononi mwako, na nguruwe naye ni wa mikononi mwako, hiyo "naona" haikupi usingizi.

Jumatatu, 17 Machi

Mjomba amekonda. Mama anamlazimisha uji, wanagombana kama watoto.

Jumatano, 19 Machi

Nguruwe: Waziri. Dripu niliongeza. Damu ikaja, kiatu kikagonga, damu ikakauka, nikasema afadhali. Gesi ngapi? Kumi na mbili. Halafu namba ikaporomoka, moyo ukasukasuka, na Waziri akafa vilevile kama mwenzake.

Pacha alivua glavu akazitupa. Alinitazama, na wote chumbani wakafuata macho yake wakanitazama mimi. Ningetukanwa ningejua la kufanya, nina mdomo. Kutazamwa hivyo sina dawa yake.

Alhamisi, 20 Machi

Fundi hakuja kunywa chai na mimi. Kasema ana kazi.

Ijumaa, 21 Machi

Nimejifungia na vitabu. Nimebadilisha dawa, nimebadilisha mashine ya kupumulia, nimepima mizani upya kwa mawe ya kilo. Kila kitu kiko sawasawa isipokuwa mimi mwenyewe, nahesabu dawa mara tatu kabla ya kuivuta kwenye sindano. Mama kaniona nimemwaga sukari mezani. "Una nini?" Nimemwambia ni baridi ya mvua.

Jumatano, 26 Machi

Bibi Harusi. Amekufa.

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua mpaka mtu wa usafi akaja kunichukua. Sijui nimekosea wapi. Ningejua ningetubu, ningepiga magoti, ningefanya chochote. Kila mara gesi ni kumi na mbili, kila mara mikono ya Pacha ni safi, kwa hiyo anayebaki ni nani?

Ijumaa, 28 Machi

Kamati inakuja Jumatatu. Leo Pacha amekuja nyumbani, kala na sisi, kamchekesha Mama. Halafu akaniomba nimsindikize mpaka barabarani.

"Nataka kukuomba jambo zito," alisema. Tulisimama chini ya mwavuli wake. "Kamati watauliza kwa nini wamekufa. Nikisema sijui, watafunga mradi. Ukisema wewe, kwamba ni upande wa usingizi, watabadilisha mtu wa usingizi tu, mradi utaendelea. Na Mjomba hana muda wa kusubiri mradi mwingine."

"Una uhakika ni mimi?"

Alinishika shavu. "Pacha. Ningekuwa na shaka hata kidogo, ningekuambia?"

Nimesema sawa. Ningekataaje?

Jumatatu, 31 Machi

Nimesema. Meza ndefu, watu watano, mmoja anakula njugu. Nilisimama nikasema: "Vifo vimetokana na usingizi. Ni kipimo changu cha maji." Sauti yangu niliisikia kama inatoka chumba cha pili. Mwenye njugu akauliza kama mbinu yenyewe ya upasuaji ina kasoro. Nikasema hapana, mbinu ni nzuri.

Mkuu wa maabara alinishukuru kwa uungwana. Pacha alinikonyeza. Kamati imesema apasuliwe nguruwe mmoja wa mwisho, alazwe na daktari wa usingizi wa hospitalini. Akipona, wanafungua mlango wa watu. Mimi nimerudishwa bandani, kulisha na kusafisha.

Jumatano, 2 Aprili

Mjomba kaniita. Alikuwa amekaa karibu na redio, mechi inaendelea, kaipunguza sauti, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Nimesikia nguruwe wanakufa."

Mji huu hauna siri. Nikamwambia.

"Sasa niambie wewe. Usinipake mafuta. Nikalale pale mezani kwake au nisilale?"

Nikamwangalia macho, meupe yamekuwa ya njano. Nikasema: "Lala, Mjomba. Shida ilikuwa mimi. Mkono wa Pacha hauna shida."

Akanipigapiga kichwa. "Umekuwa muungwana kusema." Kisha kaongeza sauti ya redio, akaanza kumtukana refa.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua haijakata tangu Jumapili. Banda limekuwa bwawa. Mheshimiwa ananifuata kila ninapokwenda, ndiye pekee hapa asiyeniona mkosaji.

Jumatano, 9 Aprili

Nitaandika yote, hata mkono ukiuma.

Leo ilikuwa zamu ya nguruwe wa mwisho, Balozi. Mimi nilimleta tu, nikamkabidhi mlangoni. Daktari wa usingizi kutoka hospitalini ni kijana mtaratibu, alinisalimia kwa heshima, labda kwa huruma. Nikabaki koridoni na ndoo yangu.

Wako katikati ya kazi, mlango ukafunguka kidogo, Fundi kichwa nje, kijasho chembamba kinamtoka. Tumbo limemkamata. Tangu asubuhi alikuwa anajishika. "Dada, nifichie aibu. Vaa barakoa, simama pale kwenye mashine, usiguse kitu, nakuja sasa hivi." Akavua aproni akanitupia, akakimbia kama mwizi.

Nikaingia. Wote wamevaa vilevile, kofia, barakoa, macho tu. Pacha amenipa mgongo, macho yake kwenye skrini ya kamera. Nikasimama nyuma yake kwenye mashine ya gesi, na kwa mara ya kwanza tangu mradi uanze nikaiona ile namba kwa macho yangu. Kumi na mbili. Nikasema moyoni, basi, ilikuwa kweli.

Damu ikaanza. Niliiona kwenye skrini, mshipa wa nyuma ya ini umechanika kidogo, dimbwi linajaa. Pacha akagonga kiatu. Ta-ta. Mimi nikasimama. Akagonga tena, kwa nguvu. Halafu bila kugeuka, kwa sauti ya chini ya kwenye meno, akasema:

"Fundi, umelala? Ishirini, kama siku zote."

Ishirini!

Sikuelewa mara moja. Nadhani masikio yalielewa, mimi ndiye nilikataa. Pale pale yule kijana wa usingizi akauliza kutoka kichwani mwa meza, kama nilivyokuwa nauliza mimi: "Gesi ngapi?" Na Pacha akanong'ona: "Mwambie kumi na mbili."

 Niliwaona wote mbele yangu, Shangazi, Waziri, Bibi Harusi. Nilijiona nimesimama mbele ya yule mla njugu. Kumbe kila mguu ulipogonga, gesi ilikuwa inapandishwa ikaibane damu, video itoke safi. Kumbe Fundi naye, aliyekuwa anakunywa chai kwenye kikombe changu, alikuwa ananijibu uongo usoni. Na mimi nilikuwa nauliza, nikijibiwa naamini, kwa sababu aliyekuwa amesimama kati yangu na ile namba alikuwa Pacha.

Nikasema kwa sauti ya chumba kizima: "Kumi na mbili. Na leo ni kumi na mbili kweli."

Mgongo wake ukakakamaa. Akageuka, tukaangaliana juu ya barakoa.  Dimbwi lilikuwa linajaa. Akarudi kazini. Hakuwa na njia nyingine, ilibidi aingize uzi, ashone ule mshipa kwa mkono, polepole, damu ikimziba kila mara. Alishona vizuri. Nasema ukweli hata kama nimechomwa: huyu mwanamke ana mikono.

Balozi kaamka mchana, kaunguruma, katafuta maji.

Nikampata Pacha kwenye sinki. Maneno yalikuwa yananijaa kinywani, yakatoka mawili tu: "Kwa nini?"

"Usianze hapa," alisema, anasugua kucha. "Ulimsikia Mkuu. Bucha, alisema. Nilihitaji picha safi. Hatari ilikuwa ndogo."

"Watatu wamekufa!"

"Nguruwe."

"Umenisimamisha mbele ya watu niseme nimewaua mimi."

"Kwa ajili ya Mjomba." Akafunga bomba, akajifuta. "Na leo mmoja amepona. Tulia. Tumeshinda, Pacha."

Usiniite Pacha. Nilitaka kumwambia hivyo, nikaokota ndoo yangu nikatoka.

Alhamisi, 10 Aprili

Sikwenda kazini. Nimelala kitandani nimegeukia ukuta. Mama kaleta chai mara mbili, mara mbili imepoa.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimekwenda kwa Mkuu wa maabara. Nimemweleza kiatu, ishirini, mwambie kumi na mbili. Alinisikiliza hadi mwisho, kidevu kwenye viganja. Kisha akasema, kwa upole kabisa:

"Daktari, ulikuwa wewe, wanyama walikufa. Akaja mwingine, mnyama kapona. Unataka nifikirie nini?"

"Kapona kwa sababu mimi nilikataa kupandisha gesi!"

"Ulikuwa unafanya nini kwenye mashine ya gesi?"

Akaitwa Fundi. Nilimtazama usoni, nikamwambia, sema. Fundi akaangalia viatu vyake. "Mimi siku zote naweka kumi na mbili, Mkuu. Na sikutoka chumbani." Alijua akikubali kwamba alitoka, kazi hana. Na yule kijana wa usingizi hakuusikia mnong'ono, alisikia kumi na mbili tu. Mtu aliyenifanya nicheke kila asubuhi! Ningekuwa na ndoo mkononi ningemmwagia.

"Na kamati," akasema Mkuu, "uliwaambia mwenyewe, kwa kinywa chako, kwamba mbinu ni nzuri."

Ndiyo. Kwa kinywa changu.

Jumamosi, 12 Aprili

Mjomba atafanyiwa tarehe 22. Kamati imekubali. Atakuwa mtu wa kwanza.

Nimekwenda kwake nikakuta Pacha ameshatangulia, ameondoka kitambo kidogo, kiti bado kiko karibu na kitanda. Nikamwambia Mjomba: usilale pale. Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nilikuwa nalia, naruka huku na huku, mara kiatu mara njugu. Nikamwomba akafunguliwe tumbo na yule daktari bingwa wa zamani.

Alivuta blanketi hadi kifuani. Halafu: "Wiki iliyopita ulikaa hapo hapo ukaniambia shida ni wewe."

"Nilidanganywa."

"Na leo, umeondolewa kazini, ndiyo shida imekuwa yeye."

"Mjomba, atakuua!"

"Kaa chini." Mkono ukainuka, ule wa kadi. "Yeye kaniambia ungekuja. Kasema umeumia, nisikukasirikie. Hajakusema vibaya hata kidogo, mwenzako. Mimi nimekulea usiwe na kijicho."

Kijicho! Nimetembea kwa miguu hadi nyumbani, mvua yote ya dunia ikaniishia mwilini. Kwa hiyo alimfikia kabla yangu. Alikaa kwenye kile kiti, akaniombea msamaha kwa jambo alilonifanyia yeye.

Nimemwambia na Mama. Mama kasikiliza, kafikiri, kasema, "Lakini yule binti anatupenda." Kisha akaenda kuosha vyombo.

Jumatatu, 14 Aprili

Hanipokei simu, Mjomba.

Jumatano, 16 Aprili

Nimemvizia Pacha kwenye maegesho ya magari. Mvua ilikuwa rasharasha. Nimemwambia sitaki kazi, sitaki kusafishwa jina, abaki na kamati yake na sifa zake. Nataka kitu kimoja: kwa Mjomba asipandishe gesi.

"Unadhani mimi ni nani?" aliniuliza.

Nikamjibu kwamba nilikuwa najua, sasa sijui. Akafunga mlango wa gari.

Jumapili, 20 Aprili

Sijaweza kula. Nimefanya usafi wa nyumba nzima, hata juu ya kabati. Mama ananikwepa.

Jumanne, 22 Aprili

Mimi ni wa nguruwe, siruhusiwi chumba cha watu. Tulikaa benchi la koridoni, Mama na mimi, asubuhi mpaka saa tisa mchana. Mvua ilikuwa inapiga madirisha, na kila mlango ulipofunguka nilisimama. Nilijaribu kusali nikashindwa, kichwani kilikuwa kinagonga kiatu tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu kutoka amevua kofia, atupe pole.

Saa tisa akatoka Pacha. Macho mekundu, anayumba kwa uchovu.

"Yuko salama," alisema. "Umetoka wote."

Mama akapiga vigelegele, akamwangukia shingoni. Mimi nikabaki nimekaa. Nilishukuru. Naandika hili lijulikane: nilishukuru kwa moyo wangu wote, na sikumfikiria Pacha wala nguruwe, nilimfikiria Mjomba tu.

Jumatano, 23 Aprili

Kapumua vizuri. Kaomba redio.

Ijumaa, 25 Aprili

Jua limetoka, la kwanza la maana tangu mwezi uliopita. Nimerudi bandani kuchukua vitu vyangu. Mkataba wangu haukuongezwa.

Jumapili, 27 Aprili

Tumekwenda kumwona Mjomba wodini, Mama, mimi, na kundi la marefa wenzake wamejaa hadi mlangoni. Ameketi, uso umerudi rangi. Tumbo lina plasta nne ndogo, anamwonyesha kila anayeingia. Muuguzi katuonya asichoshwe wala asikasirishwe, kidonda cha ndani bado kibichi.

Pacha akaingia. Wazee wale wakampigia makofi. Mmoja akamwuliza ilikuwaje, na Pacha akasimulia, mikono ikicheza hewani kama kawaida yake.

"Damu ilikuja, tena nyingi," alisema. "Lakini gesi niliiweka chini, kumi tu, sikuruhusu ipande hata kidogo. Nikashona kila mshipa kwa mkono. Ndiyo maana tulichelewa."

Wakatikisa vichwa kwa sifa. 

"Kwa nini hukuipandisha?" nikauliza.

Akanitazama. Alikuwa amejisahau, nikaona anavyokumbuka. "Ingeingia kwenye mshipa," alisema taratibu. "Ni Mjomba."

Kwa hiyo alijua. Si kwamba alibahatisha na kujidanganya na kipimo changu cha maji. Aliponishika magoti kwenye benchi alijua. Chini ya mwavuli, aliponishika shavu, alijua kabisa. Na ule ujuzi wake, ambao aliutumia kunizika, ndio uliomrudisha Mjomba wangu akiwa hai. Nikimlaani nalaani kitu gani?

"Ulijua," nikasema. "Tangu mwanzo ulijua."

"Wewe!" Mjomba alijaribu kuinuka, akashika tumbo, uso ukakunjamana kwa maumivu. Mama akapiga ukelele. Muuguzi akatokea mlangoni. "Mtoto huyu jamani," Mjomba akasema, anahema, anawatazama wenzake kwa aibu. "Kaniokoa, na bado unamsakama? Mwombe radhi. Mbele ya hawa wote. Mwombe radhi yaishe, nipumzike."

 Mjomba alikuwa anatetemeka, mkono juu ya plasta, jasho kwenye paji la uso. Nilimtazama Pacha, nikasubiri aseme neno moja. Alikuwa na neno hilo, nililiona limemfika kooni. Akainamisha macho, akalimeza.

Nikamwomba radhi. Akanishika mkono, akasema amenisamehe.